Koti la Viraka

Majira mawili ya joto mfululizo, zamu ya mwisho ya kushika maikrofoni na kurap kwenye uwanja wa mpira wa kikapu ilikuwa ya Vernita. Otis, mwenye santuri na maspika, alimwachia yeye afunge kazi kila Jumamosi, na Queens nzima, pale New York, ilijua. Alivaa kama mtaa ulivyovaa: hereni za dhahabu pana kama bangili, jina lake katikati, na raba nyeupe zenye kamba nene zilizopigwa pasi. Hakubuni chochote, na kwa hilo akajiona ndiye halisi.

Ndipo Roshelle akaja na koti.

Alilishona mwenyewe kutokana na blanketi la viraka la marehemu bibi yake wa Karolina, mabaki ya nguo za shambani na za kanisani. Vernita alicheka kwa sauti ili wengine wacheke. Hawakucheka. Otis alisimamisha santuri alitazame vizuri, kisha zamu ya mwisho akampa Roshelle.

"Hiyo ndiyo hip-hop?" Vernita akamvaa Otis. "Kavaa kitanda!"

"Kavaa kwao," Otis akajibu. "Wewe umevaa duka, dada'angu."

Wiki nzima wivu ulimtafuna. Hata makaroni ya jibini ya mama yake hayakushuka. Akilala anaona viraka, akiamka anaona viraka. Alhamisi akanunua vitambaa vipya vya rangi kali, akajifungia chumbani na cherehani. Koti lake likatoka zuri kuliko lile, au ndivyo alivyojiambia.

Jumamosi alipoingia nalo uwanjani, hakumaliza hata hatua kumi.

"Kang'ata!" mtu akapaza sauti.

Pale mtaani ukikosea mashairi unasamehewa. Kuiba mtindo wa mwenzio, yaani kumng'ata, hakuna msamaha, na aliyeng'ata hashiki tena maikrofoni. Vernita mwenyewe aliwahi kumzomea mtu kwa kosa hilo mpaka akahama uwanja.

"Kang'ata! Kang'ata!" Watu wakawa wanagonganisha meno na kucheka.

"Vee," Otis akasema taratibu, "niambie sivyo."

Roshelle akapenya katikati ya watu, akamshika Vernita kola, akaigeuza kama fundi anayekagua kazi yake.

"Nyamazeni nyie! Nani kang'ata? Mimi ndiye nimemfundisha kushona. Tuko kundi moja, hamna habari?"

Kelele zikageuka vigelegele. Roshelle akamsogelea sikioni. "Pindo umelishona upogo, shoga. Njoo nyumbani nikurekebishie." Kisha akamtilia maikrofoni mkononi.

Ndiyo ile zamu ya mwisho aliyoililia wiki nzima. Vernita alitamani wangemfukuza tu. Koti alilichukia, na Roshelle alimchukia zaidi, maana sasa hata kwa wema alikuwa amemzidi.

Otis akaachia mdundo. Kila Jumamosi Vernita alianza kwa kujitaja jina, mara tatu, na watu wakamwitikia. Akafungua kinywa. Roshelle alikuwa pembeni yake, anapiga makofi, anatabasamu bila kinyongo chochote.

"Sisi," Vernita akasema, hereni zikimgonga mashavuni, "ni kundi la Roshelle."

Uwanja mzima ukaitikia.