Ukurasa Wenye Picha ya Waridi

Kiwandani Mitwero, mtu akitaka kujua kama korosho imekauka vizuri, hakutafuta kipimo. Alimpelekea Bi Kidawa. Mama huyo aliiviringisha punje kati ya vidole viwili, akainusa, akasema, "Hii bado, irudi kukaushwa," nayo ikarudi, na hakuna aliyebisha. Miaka kumi na saba alikaa kwenye meza ya kupanga madaraja. Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa na kovu jeupe, pana kama ukucha, mahali mafuta ya ganda yalipomuunguza zamani alipokuwa mbanguaji.

Jumatatu moja asubuhi, Witness, afisa utumishi aliyeletwa kutoka Dar es Salaam, aliwakusanya wanawake kumi na wanne wa meza ile.

"Kampuni imejiunga na mtandao wa kazi," alisema. "Si ule wa kuchekeshana na kuuza vitenge. Huu ni wa wataalamu. Kila mmoja atafungua ukurasa, aandike anachokijua, halafu wenzake wamwandikie humo kumthibitishia. Wanunuzi wa nje wanataka kuwaona watu wanaoshika korosho zao."

"Kumbe na sisi wataalamu!" Mwanaheri alidakia. "Basi leo mume wangu aniite mhandisi, la sivyo hali!"

Walicheka. Witness akangoja wamalize.

"Mwezi ujao inakuja mashine ya kuchambua kwa kamera. Kati yenu watabaki wanne. Mabosi Dar hawawajui kwa sura, kwa hiyo watasoma kurasa zenu na kuchagua humo. Mna wiki mbili."

Hakuna aliyecheka tena. Bi Kidawa alimfikiria mumewe, Twalib, aliyelala kitandani nyumbani kwao Rasbura, upande mmoja wa mwili ukiwa umekufa kwa kiharusi. Dawa zake, na mazoezi ya kila wiki yaliyoanza kumrudishia mkono, vyote vilikwenda kwa kadi ya bima ya kiwanda. Kazi ikiondoka, kadi nayo inaondoka.

Jioni hiyo alitia udhu, akaswali, akamwomba Mola amfungulie, kisha akakaa na simu. Kusoma na kuandika alijifunza ukubwani, katika darasa la jioni, na hakutaka mtu amwandikie. Ukurasa ulimuuliza: Eleza ubora wako. Alilitazama swali lile muda mrefu. Tangu utotoni alifundishwa kwamba sifa ya mtu hutoka kinywani mwa mwenzake. Mwenyewe akisifiwa huinamisha kichwa, husema watu wanazidisha tu. Anayejisifu mwenyewe ana kibri, na kibri si cha mja. Basi akaandika, herufi kwa herufi:

"Mimi ni mpanga madaraja. Bado najifunza. Sina ninalowazidi wenzangu. Nikikosea nirekebisheni."

Mahali pa sura yake aliweka picha ya waridi jekundu, kama wanawake wa mtaani kwake walivyozoea, kuepusha jicho baya.

Kisha alifanya lile aliloona ndilo lenyewe. Alipita ukurasa hadi ukurasa, akawathibitishia wenzake wote kumi na watatu. Hakumruka mtu. Kwa Mwanaheri aliandika kwamba ana mkono mwepesi. Alipofika kwa Naima, binti aliyetoka Mitole, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi kwa miaka minne na kumlaza kwake miezi ya mwanzo, moyo ulimjaa. Akaandika: "Huyu ananizidi hata mimi." Aliamini na wao watamwandikia. Wataacha kusema nini, nao wanamjua?

Kesho yake Naima alimsogelea mezani na simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba nikurekodi unavyopanga. Nataka watu waone kazi yetu."

"Sura yangu usiitoe, Naima. Mikono tu."

"Mikono tu, mama. Wala usiwe na wasiwasi."

Bi Kidawa akapanga, huku akieleza taratibu: nyeupe nzima huku, iliyoungua kule, hii inang'aa lakini ina unyevu, inuse. Naima alirekodi mpaka mwisho, akambusu mkono.

Wiki mbili zikaisha. Witness alibandika majina manne ukutani. La Naima lilikuwa la kwanza. La Mwanaheri lilikuwa la nne. La Bi Kidawa halikuwepo. Aliisoma karatasi mara tatu, akidhani ni macho yake. Kisha akabisha hodi ofisini.

"Binti yangu, nimekosa nini?"

Witness alifungua kompyuta. "'Bado najifunza. Sina ninalowazidi wenzangu.' Haya si maneno yako?"

"Ni yangu. Lakini huo ni uungwana tu, mwanangu. Watu wote hapa wanajua."

"Dar wanasoma kilichoandikwa. Na waliokuthibitishia ni sifuri."

"Sifuri?"

"Wenzako kumi na watatu, hata mmoja. Nafasi ni nne, mama. Ulitaka nani amwandikie mtu atakayemtoa?"

Bi Kidawa alishika ukingo wa meza. Witness akamgeuzia kioo. Kwenye ukurasa wa Naima ilichezwa video ya mikono miwili ikipanga korosho. Sauti yake Bi Kidawa ilikuwa imefutwa, na juu yake Naima alikuwa akizungumza, yeye mwenyewe, maneno yale yale: hii inang'aa lakini ina unyevu, inuse. Chini yake palikuwa na pongezi za watu mia nne, na juu kabisa ya ukurasa ulikaa uthibitisho alioandika Bi Kidawa mwenyewe: "Huyu ananizidi hata mimi."

Bi Kidawa aliweka mkono wake wa kulia mezani, kando ya kioo, kidole gumba juu.

Witness aliliangalia kovu, akaiangalia video. Kisha akaifunga kompyuta.

"Majina yameshapita Dar," alisema. "Na mkurugenzi ameshampongeza. Vaa glavu, mama, umalizie zamu."

Alimaliza zamu. Mezani Naima hakuinua macho. Mwanaheri alianza mzaha, akauacha katikati.

Alipofika Rasbura alasiri, simu ilikuwa ikilia mfululizo. Kampuni ilikuwa imemuaga kwenye ukurasa wa kampuni yenyewe: picha ya lile waridi, na maneno ya kumshukuru kwa miaka kumi na saba. Chini yake wenzake walikuwa wakiandika, mmoja baada ya mwingine, wote kumi na watatu. "Mwalimu wetu." "Vidole vya dhahabu." Naima aliandika: "Kila ninachojua nimejifunza kwako, mama yangu."

Twalib aliinua ule mkono uliokuwa ukirudi, taabu tupu, akanyoosha kuelekea kwenye simu.

"Mama Musa, wanasemaje? Wamekuchagua?"

Bi Kidawa aliketi ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono ule, akaanza kuukanda kama mhudumu wa hospitali alivyokuwa akifanya, maana tangu sasa ingebidi aukande mwenyewe.

"Wananisifu," alisema. "Wananisifu sana."