Karatasi Kwenye Gauni

Naweza kushona suti ya bwana harusi na sare za wapambe wake wote bila kukosea hata kifungo, lakini Kiingereza kilinifelisha mara mbili, tena kwa swali lile lile. Sentensi kumi. Pigia mstari mmoja yambwa tendwa, yaani kitu kinachotendwa. Pigia mistari miwili yambwa tendewa, yaani yule anayetendewa. Mara ya kwanza nilipata mbili. Mara ya pili nikapata moja.

Chuo cha ufundi kilikuwa kinatafuta mwalimu wa ushonaji. Mkuu wa chuo aliipenda kazi yangu, ila vitabu vya wanafunzi ni vya Kiingereza, kwa hiyo sharti nifaulu mtihani wao. Mtu anaruhusiwa mara tatu tu. Nilikuwa nimebakiza moja, na wiki tatu za kujiandaa. Nafasi ile niliitaka mpaka nikawa naiota. Miaka ishirini na sita nimeinama juu ya cherehani, nimefundisha watu kibao pale barazani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniita mwalimu.

Sasa, mwalimu wa Kiingereza ninayemfahamu alikuwa mmoja, naye ni wifi yangu, mke wa mdogo wangu. Na mimi na wifi tulikuwa watu wa salamu tu kwa miaka tisa. Kisa chenyewe ni gauni. Nilimshonea gauni la harusi kwa mikono yangu, shanga moja moja, wiki nne, nikalipima limkae kama ngozi. Siku ya siku bibi harusi akatokea na gauni la kukodi, pana kama pazia la ukumbi. Nilikaa kiti cha mbele nikicheka kwa meno tu. Mdogo wangu alikuja kuniomba, "Dada, yaishe." Nikamwambia yamekwisha. Yaishe wapi! Gauni liliporudishwa kwangu nililitundika nyuma ya mlango wa chumba cha kushonea, na hapo likakaa.

Lakini mficha uchi hazai. Nilimeza mate, nikaenda kugonga kwake.

"Karibu, wifi," alisema, akashangaa waziwazi. "Kwema?"

"Kwema. Nimekuja unifundishe."

Masomo mawili ya kwanza yalikuwa vita vya panzi. Aliandika, *The cook gave the guest tea*, mpishi alimpa mgeni chai. Nikapiga mstari mmoja chini ya mgeni.

"Wifi, mgeni ndiye aliyetolewa?"

"Si ndiye aliyetangulia?"

"Kutangulia si hoja!"

"Basi Kiingereza hakina adabu. Sisi tukisema alimshonea, alimpikia, kitenzi chenyewe kinakuonyesha kuna mtu. Hawa wanawapanga tu kwenye foleni, ujijue mwenyewe."

Alifunga daftari kwa nguvu. Mimi nikachukua mkoba wangu. Mdogo wangu alichungulia kutoka jikoni, akarudi kimya kimya.

Somo la tatu tulifanyia kwangu, kwa sababu kwake walikuwa wanapaka rangi. Wifi alikuwa hajaingia chumba changu cha kazi tangu kabla ya harusi. Alisimama katikati akitazama nguo zilizotundikwa kwenye kamba, kila moja na kikaratasi kilichobanwa kwa pini.

"Hivi vikaratasi vya nini?"

"Majina ya wenyewe. Nikimaliza nguo nabandika jina, nisije nikampa huyu ya yule."

"Na jina likikosekana?"

"Nguo inabaki nguo. Ila karatasi bila nguo, nitaibandika wapi? Hewani?"

Wifi alinitazama, halafu akavuta kiti upesi. "Hebu sema tena."

Nikasema tena. Akacheka, akapiga meza. "Ndiyo hiyo hiyo! Tafuta nguo kwanza. Mpishi alitoa nini?"

"Chai."

"Hiyo ndiyo nguo, mstari mmoja. Sasa bandika karatasi. Chai ya nani?"

"Ya mgeni. Mistari miwili." Nikainama tena juu ya daftari. "Na kama mpishi kapika chai tu, basi?"

"Nguo ipo, karatasi haipo. Usimbandike mtu asiyekuwepo."

Nilifanya sentensi kumi, nikapata tisa. Nikafanya kumi nyingine, nikapata zote. Nilimkumbatia wifi kabla sijakumbuka kwamba nimemnunia. Naye kwa furaha akausukuma mlango ufungwe, ampigie mdogo wangu simu pasipo kelele za cherehani za jirani, na mlango ulipojifunga, gauni lililokuwa nyuma yake likawa mbele ya macho yake. Shanga zote. Na kikaratasi kifuani, kimeshakuwa cha njano: *Wifi yangu*.

Simu aliishusha. Alikigusa kile kikaratasi kwa kidole.

"Zipu haikupanda," alisema taratibu. "Mama aliivuta mpaka akatoka jasho. Nililia, wifi."

"Haiwezekani. Nilikupima mara mbili!"

"Ulinipima mwezi wa pili. Harusi ilikuwa mwezi wa tano."

Nilihesabu kwa vidole. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa miezi sita baada ya harusi. Tuliambiwa ni njiti, kazaliwa kabla ya siku zake. Mimi mwenyewe nilimpakata, akanichosha mkono.

"Njiti wa kilo tatu na nusu!"

"Na wewe fundi mzima, maisha yako yote unapima viuno, hukuona!"

Tulicheka mpaka nikashika cherehani nisianguke. Kisha nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia wewe, ungenyamaza?"

Nisingenyamaza. Mtaa mzima ungejua kabla ya keki kukatwa. Niliona aibu, nikamwambia hivyo hivyo, "Nimeona aibu, wifi." Akanishika bega.

Kwenye mtihani nilikuwa nabandika vikaratasi vya kufikirika mezani kwa kidole, hadi msimamizi akaniuliza kama meza ina vumbi. Swali lile nilipata kumi kwa kumi. Insha nilipona kwa tundu la sindano, lakini kufaulu ni kufaulu. Jumatatu ya kwanza darasa zima lilisimama likasema, "Shikamoo, mwalimu," nikageuka kutafuta mwalimu yuko wapi.

Mshahara wa kwanza ulikuwa bado haujaingia nilipolifumua lile gauni ubavuni, kulia na kushoto, nikatia vipande vya kuongeza na zipu mpya. Sikulipeleka na maneno mengi. Nilimpa mlangoni, karatasi ikiwa mahali pake, nikaondoka upesi.

Jioni ile ile nilirudi kuchukua miwani niliyoisahau ndani ya mfuko niliobebea gauni. Nilimkuta mezani jikoni anasahihisha madaftari ya wanafunzi, kalamu nyekundu mkononi, gauni la harusi mwilini, shanga zinagonga meza. Zipu ilikuwa imepanda mpaka juu. Karatasi hakuibandua.

"Wifi, vua basi. Litachafuka na wino."

"Lichafuke," alisema bila kuinua kichwa. "Nimelisubiri miaka tisa."