Barua za Ndambuki

...na barua arobaini na moja, arobaini na moja, ati zimefungwa kwa utepe mwekundu ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda cha Susu, nyanya kwa Kikamba, na Susu mwenyewe si huyu hapa kando yangu kwenye kiti cha plastiki, mama yangu Mukonyo, miaka themanini na tisa, hajui a wala be, sahihi yake ni dole gumba, hizo barua angezisoma vipi, kwa kunusa... na watu wametulia kabisa, ukumbi mzima wa kanisa umejaa, Voi imekuja kusikiliza uongo wa Shanice, mtoto wa marehemu ndugu yangu Sylus, mwandishi wa riwaya za mapenzi ya kale, ndivyo bango la mlangoni linavyosema, amesimama pale mbele na gauni la kitenge lenye mabega ya kupaa, anasoma kwa sauti ya kuvuta, "Mukonyo alisikia honi ya gari-moshi, na moyo wake ukajua kabla ya masikio," moyo ukajua kabla ya masikio, jameni, miaka thelathini na mitano nimeshika chaki, mtoto akiniandikia hivyo namrudishia daftari lake, lakini hapa watu wanatikisa vichwa, yule mama wa duka la dawa anajipangusa jicho, kitu gani kinamliza sijui, na kitabu chenyewe ni viwili kwa kimoja, sabuni ya ofa, sura moja ni mwaka wa hamsini na tano, sura inayofuata ni leo, msichana wa Nairobi aliyeachwa na mchumba anakuja kwetu Marungu na viatu vyeupe, Marungu ile ya vumbi jekundu, anapata sanduku, anasoma barua anapiga kwikwi, haya turudi hamsini na tano, Ndambuki karani wa stesheni anambusu Mukonyo nyuma ya tangi la maji, haya turudi leo, msichana naye amepata daktari wa wanyama mwenye macho ya huzuni, na hiki ni kitabu chake cha nne na vyote vina sanduku, cha kwanza sanduku lilikuwa Mghange kule milimani, cha pili Bomeni, mtu wa mbali akivisoma atadhani kaunti hii nzima kazi yetu ni kufungia barua masandukuni, mimi chini ya kitanda cha mama nimeona jembe, gunia la pojo, na siku moja mbuzi aliyezaa.

Na joto hili, na mama hataki kuvua koti, koti la kahawia, zito, la sufu, lina kiraka kwenye kiwiko, nimembembeleza tangu asubuhi, Mama, Voi ni jua tupu, watu watakucheka, akaniambia kwa Kikamba, leo si wanasoma habari za kwetu, basi acha nivae koti, mama akishaamua ameamua, na sasa jasho linamtiririka shingoni na amekaza macho kwa Shanice hapepesi, na yule Hillary mshereheshaji, tai imemkaba koo, ameshatangaza mara mbili, "Baada ya hapo shangazi wa mwandishi, Mwalimu Elsie, atatupa neno la shukrani," neno la shukrani, ngoja tu, karatasi yangu iko hapa mkobani, nimeandika shukrani kwa kanisa, shukrani kwa wageni, na chini yake nimeandika mkataa kwao mtumwa, nikapiga mistari miwili, hapo ndipo nitakapomvua nguo mtoto huyu mbele ya hadhira yake, nimwulize tu swali moja, kwa upole, Shanice mwanangu, huyo Ndambuki ulimtoa wapi, kwa sababu hapakuwa na Ndambuki, hapakuwa na karani wala tangi wala busu, aliyemuoa mama yangu ni Nthenya, mwanamke, na sisi Wakamba jambo hilo tunalijua na lina jina, iweto, mwanamke asiyejaliwa mtoto anatoa mbuzi zake anaoa msichana kwa jina lake mwenyewe, watoto wakizaliwa ni wake, na mwanamume aliyepita hapo katikati haulizwi jina, hana boma hapo, Nthenya alitoa mbuzi kumi na saba na fahali mmoja, akamleta mama kutoka Kibwezi kwa miguu, wakafyeka shamba wawili, tukazaliwa mimi na Sylus, tukamwita Mama Mkubwa, na kitabuni je, amewekwa sura ya sita, bibi tasa mwenye kijicho, asiye hata na jina, anamfungia Mukonyo ghalani asimwone mpenzi wake, huyo ndiye Nthenya wetu, ameuawa mara ya pili.

"...ndovu watatu walikuwa wameingia kwenye mahindi," anasoma Shanice, "Ndambuki akainua taa yake ya reli, akasimama kati yao na Mukonyo, akasema, Mpaka mnipite mimi," la, hapana, hilo tena, hilo nilikuwepo, nilikuwa na miaka sita, asubuhi mapema umande haujakauka, Nthenya alitoka na debe la mafuta na mwiko wa ugali, koti hili hili la kahawia juu ya shuka, akalipiga debe akiwatukania ndovu mama zao kwa Kikamba, tusi juu ya tusi, akiwafuata nyuma mpaka mpakani, nafikiri waliondoka kwa aibu, kisha akarudi miguu ina matope akamwambia mama, chai iko wapi, basi, hakuna mpaka mnipite mimi, ni chai iko wapi, na mama alicheka akashindwa kumimina, nakumbuka birika linamtetemeka mkononi, sijamwona mama akicheka hivyo na mtu mwingine tena... mama ananivuta mkono sasa, vidole vikavu, "Elsie, huyo Ndambuki ni nani?" "Nyamaza, Mama, msikilize mtoto," "Namsikiliza. Ni nani?" na mama wa duka la dawa anageuka anatutazama, mimi namtolea tabasamu la mwalimu, najifanya natafuta kitambaa mkobani, ni nani, ni nani, debe tupu hilo, mwulize aliyemwandika, jina amelitoa kwenye kitambulisho cha baba yake, Sylus Ndambuki, naye Sylus alilitoa...

Sylus alilitoa kwangu, alilikuta limeshaandikwa, alipofika shule walimwambia dada yako ni wa Ndambuki na wewe pia ni wa Ndambuki, na mimi mwaka wa sabini na mbili, kidato cha kwanza, shule ya bweni kule juu milimani, baridi, foleni ndefu, karani na kalamu yake akaniuliza jina la baba, na nyuma yangu alikuwa Mable, msichana wa soksi nyeupe, shingo imeniinukia kusikiliza, na mlangoni alikuwa amesimama Nthenya na sanduku langu la bati kichwani, alikuwa amelibeba kutoka barabarani, mlima wote ule, ada alilipa kwa mbuzi zake za mwisho, na mimi nikaangalia sanduku nikaona pale ubavuni fundi wa Voi aliyelitengeneza alivyoandika jina lake mwenyewe kwa rangi nyeupe, Ndambuki, nikasema, Ndambuki, baba yangu ni Ndambuki, marehemu, karani akaandika, halafu akanyoosha kalamu mlangoni akauliza, na yule mama ni nani, nikasema, ni mtu wa kutusaidia kazi nyumbani... nilisema hivyo, kwa Kiswahili kizuri, na Nthenya Kiswahili alikijua vizuri, alifanya kazi mashamba ya mkonge miaka minane, akalitua sanduku taratibu lisipige kelele, akanifunga kifungo cha sweta, akaniambia, soma, akateremka, sikumwangalia, nilikuwa namwangalia Mable kama amecheka. Hakuwahi kumwambia mama, miaka kumi na saba aliishi baada ya hapo na hakumwambia.

Na sikuishia hapo, mtu angedhani mtoto wa miaka kumi na minne asamehewe, lakini Shanice alipokuja na kazi ya shule, miaka kumi, meno mawili hayajaota, achore mti wa ukoo, shangazi, babu alikuwa nani, mimi mtu mzima, mwalimu, kalamu nyekundu sikioni, nikamwambia alikuwa karani wa stesheni, mtanashati, alimpenda sana Susu, homa ikamchukua, nikaona macho ya mtoto yanang'aa nikaongeza taa ya reli, taa ya reli ni yangu, na lile kaburi la nyuma ya nyumba, shangazi, la nani, nikasema, la bibi mmoja tasa aliyekuwa akikaa nasi, na nikampa nyota, nyota daftarini, sasa nimekaa hapa na mkobani nimebeba methali ya kumpiga nayo, mkataa kwao mtumwa, mistari miwili, mkono ulikuwa wangu, nilimdharau mtoto kwa viatu vyeupe na masanduku yake na vitabu vinne vyote ni swali moja, hilo moja, babu alikuwa nani, anafungua sanduku baada ya sanduku kwa sababu mimi ndiye niliyelifunga... anasoma vibaya, bado anasoma vibaya, hilo silitoi, moyo haujui kitu kabla ya masikio, lakini uongo si wake, yeye ameupaka rangi tu.

Ukurasa ni ule ule, ndovu bado wako kwenye mahindi, Ndambuki bado ameinua taa, Hillary ameshaokota maikrofoni ya pili anaipuliza kwa mdomo, ananionyesha vidole viwili, dakika mbili, Mwalimu, nami nakunja karatasi mara moja, mara mbili, naisukuma chini kabisa ya mkoba, na mama ananivuta tena, sauti yake sasa si ya kunong'ona, "Elsie, Nthenya anasomwa saa ngapi?" na watu wa mbele wanageuka, na Shanice ananyanyua macho kitabuni kidogo, Nthenya ni nani, naona anajiuliza, na shingo yangu ina moto, kama siku ile ya foleni shuleni, na Mable yeyote aliye nyuma yangu acha asikie, "Bado, Mama," namwambia, "ni mimi nitakayemsoma," naye anaitikia kwa kichwa, anafunga kifungo cha juu cha koti, anakaa sawa kwenye kiti.