Sikio la Tawakali

Mwaka wa tatu mfululizo Mastura alipanga foleni ya uandikishaji wa darasa la kwanza na bintiye Tawakali, na safari hii aliapa moyoni kwamba harudi naye nyumbani. Shule yenyewe iko katika kijiji cha mikorosho, ukishaipita Miteja, na mwalimu mkuu wake, mzee Likwata, alikuwa na kipimo kimoja tu cha umri. Mtoto apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa, aguse sikio la kushoto. Akiligusa, amekua, aandikwe. Asipoligusa, arudi mwakani. Waraka ulishakuja zamani kwamba watoto wote wapokelewe na iangaliwe kadi ya kliniki. Likwata akasema kadi huandikwa na watu, sikio kaliweka Mungu.

Sasa, Tawakali alizaliwa na mikono inayoishia viwikoni. Hebu niambie, mkono huo utafika sikioni mwaka gani? Mwaka wa kwanza Likwata alipima, akasema bado mdogo. Mwaka wa pili akasema hivyo hivyo, bila haya, kana kwamba mikono ni mihogo, ikipata mvua itarefuka. Na huko nyumbani mtoto alikuwa anashika mkaa kwa vidole vya mguu na kuandika kuta zote, mpaka bibi yake akalalamika kwamba anaishi ndani ya gazeti.

Leo mambo yalizidi kuharibika. Likwata alipima, akatikisa kichwa: kwa sikio, bado mdogo. Kisha akafunua kadi, akasoma miaka tisa. Akasema mwakani atatimiza kumi, na wa miaka kumi yeye hampokei, kashazidi umri. Mastura akapiga hesabu. Yaani mwanawe leo ni mdogo mno, kesho ni mkubwa mno, na hapo katikati hakuna hata siku moja ya kusoma.

Alitamani kutukana, na matusi alikuwa nayo ya kutosha kijiji kizima. Lakini kulikuwa na jambo alilolijua. Mke wa Likwata hununua kwake mafuta ya nazi kila Ijumaa, ya kumchua mzee bega, maana tangu msimu wa korosho hata kofia anavalishwa.

“Mwalimu,” akasema kwa upole wa kutisha, “mwanangu hajaelewa. Tafadhali, muonyeshe wewe kwanza.”

Foleni nzima ikageuka kutazama. Likwata, mtu wa kupenda sifa, akasimama na kuinua mkono. Ulifika kidevuni bila taabu. Ulifika puani kwa kuugulia. Hapo ukagoma. Akainamisha kichwa kuufuata, akausukuma kwa mkono wa pili, jasho likamtoka, na sikio likabaki kule kule lilikokuwa.

“Bado mdogo,” Mastura akasema. “Rudi mwakani.”

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mwalimu Happiness, msaidizi wake, aliinama chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakikuanguka. Likwata alivimba, akafungua kinywa afoke, ndipo akamwona Tawakali. Mtoto huyo peke yake hakucheka. Alimtazama kwa huruma kabisa, kama mwenzake waliyefeli naye mtihani mmoja. Hilo ndilo lililomshinda mzee. Akakaa, akalivuta daftari, akashika peni, lakini bega lilikuwa linamuuma vibaya na peni ikamponyoka.

Tawakali akavua kandambili, akaiokota peni kwa vidole vya mguu.

“Niandike wapi, mwalimu?”

Likwata akaliweka daftari sakafuni, akapiga magoti na kumwonyesha mstari. Mastura alijiziba mdomo kwa kanga. Alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka, wala hakuyafuta. Ukurasa ule upo mpaka leo. Una majina thelathini na moja, thelathini yameandikwa kwa mkono, na linalosomeka bila miwani ni lile moja.