Dada wa Simu Hakuiona Miiba

Maneno yalianzia kwenye meza za dagaa sokoni Shinyanga, na Vumilia aliyasikia mkono wake ungali ndani ya fungu. Kwamba gari lililobeba washenga lilifuata ramani ya simu mpaka likatumbukia kwenye duara, mojawapo ya yale mashimo ya wachimba dhahabu, huko Mwakitolyo. Na kwamba waliokwenda kuokoa, walipoinama mdomoni mwa shimo, waliisikia ile sauti ya kike ya simu ikiendelea kusema kule chini: "Umefika unakokwenda."

Nani aliona? Hakuna. Muuza dagaa aliambiwa na shemeji yake, na shemeji aliambiwa na bodaboda. Vumilia hakuwa mtu wa kumeza kila anacholishwa, lakini neno hili lilimganda kama kupe. Akipika lipo, akisali lipo. Maana alikuwa na safari, na safari yenyewe ilikuwa ya mtoto.

Mjukuu wake Blessing aliletwa kwake kuachishwa ziwa, kama wafanyavyo wengi: mtoto hupelekwa kwa bibi ili asahau. Sasa alikuwa amesahau kweli, amezoea uji wa mtama na kufukuza kuku wa jirani, na mama yake, Apolonia, fundi cherehani wa Segese, alikuwa hana usingizi kwa kumtamani. "Mama, niletee mwanangu," ndiyo ilikuwa salamu yake. Vumilia alikabidhiwa mtoto mzima, na alitaka kumrudisha mzima. Hakuwa na haja nyingine duniani.

Dereva alikuwa mwanawe mwenyewe, Luka, baba wa Blessing, fundi simu wa Mwanza, aliyekuja na gari dogo la kuazima. Asubuhi ya safari Vumilia alimtolea ramani ya karatasi ya marehemu mumewe, aliyewahi kuendesha malori ya pamba. Ilikuwa imepasuka kwenye mikunjo na kuungwa kwa plasta ya vidonda. Vumilia aliishia darasa la saba, lakini ramani alijua kuisoma: ule mstari mnene mwekundu unashuka Tinde, unapita Isaka, unaingia Kahama, ndipo unapanda Segese. Njia ndefu, lakini ina watu.

Luka aliipokea kama anayepokea soksi ya mtu mwingine. Kisha akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifutia papo hapo. Juu ya Kahama.

"We Luka!"

"Si karatasi tu, Mama?"

"Karatasi ya baba yako hiyo."

"Mzee angekuwa hai angenunua simu. Tazama hapa. Dada anasema tupite Solwa, tukate Mwakitolyo, hao tunatokea Segese kabla ya chakula cha mchana. Huyu dada hajawahi kupotea."

"Atapoteaje na hana miguu?"

Luka alicheka mpaka akapiga usukani. Vumilia hakucheka; Mwakitolyo ndiko lilikotumbukia lile gari la washenga. Alilitazama lile doa jeusi likisambaa kwenye karatasi, likila mji mzima taratibu, na kinyaa chake cha siku ile kikaanzia hapo.

Walipoipita Solwa, kila walipokuta mtu Vumilia alisema, "Simama tuulize." Luka hakusimama.

"Mama, ukimuuliza mzee wa huku njia, kwanza utasalimiwa, halafu utaulizwa umetoka kwa nani, halafu utapewa habari za ng'ombe mmoja mmoja. Njia utaambiwa jua likizama."

"Ndiyo adabu ya kuuliza."

"Dada hana salamu. Akisema kata kushoto, nakata."

Mbele kidogo mchungaji mmoja alinyanyua fimbo yake na kuipunga. Luka akapandisha kioo. "Anataka lifti huyo." Vumilia alisema, "Mwangaluka, baba," lakini salamu yake iligonga kioo ikaishia hapo, na mtu yule akabaki nyuma katika vumbi, fimbo ingali juu.

Dada akasema kata kulia. Walipokata, wakakuta matawi ya miiba yamelazwa kukingama njia, makavu, yamepangwa kwa mkono wa mtu.

"Ngitili," alisema Luka.

Vumilia naye aliona ngitili. Mtu aliyekulia Shinyanga akiona miiba imefunga mahali, mawazo yake hayaendi mbali: ni malisho ya mtu, yamefungwa ili majani yakue, ng'ombe wapate cha kula kiangazi. Na ngitili ya mtu huingii hivi hivi. Unasimama, unapaza sauti, mwenyewe anaitika, unajieleza. Alikuwa ameshafungua mdomo aite, lakini Luka alikwishashuka, anaburuta matawi kwa ncha ya kiatu.

"Tunapita tu, Mama. Sisi hatuli majani."

Hapo hata Vumilia alicheka. Ndicho kilichomuuma baadaye kuliko vyote.

Wakapita. Mbele hapakuwa na jani hata moja.

Ardhi ilikuwa ya kijivu, tambarare, kama uwanja uliomwagiwa majivu. Vichuguu vya marudio, ule udongo uliokwishasagwa na kukamuliwa dhahabu, vilisimama huku na huku. Hapakuwa na ndege wala panzi. Harufu iliingia ndani ya gari ikakaa kwenye ulimi, chungu, kama mtu amepasua betri na kuichemsha.

"Luka, ngitili gani hii?"

"Endelea moja kwa moja," akajibu dada wa simu.

Moja kwa moja palikuwa na maduara. Mashimo meusi, mengine yamefunikwa kwa magogo yaliyooza, yamechimbwa katikati kabisa ya pale ambapo simu ilichora njia. Luka alikanyaga breki, akakata usukani, na gurudumu la nyuma likazama kwenye tope la kijivu lililolegea kama uji uliochacha. Alipokanyaga mafuta, tope liliruka likapaka vioo. "Endelea moja kwa moja," dada akasema tena, kwa upole ule ule.

Luka akashuka, akatukana, akainua simu juu ya kichwa na kuzunguka nayo. "Mtandao umekata." Mwanamume mzima, kama anayeombea mvua! Vumilia alishuka kutazama gurudumu. Mlango wa nyuma ukafunguka bila yeye kusikia.

"Bibi! Lambo!"

Blessing alikuwa amechuchumaa ukingoni mwa maji. Kwa mtoto aliyezoea kwenda na bibi yake lambo la ng'ombe, lile lilikuwa lambo. Maji yalikuwa ya buluu iliyokolea, yametulia, yamezungushiwa nailoni nyeusi iliyochanika. Kwa pumzi moja Vumilia naye aliona lambo. Kisha akaona mbuzi amelala ng'ambo, tumbo limevimba, ulimi nje. Na kwenye ulimi ule, na kwenye macho yale, hapakuwa na nzi hata mmoja. Kitu ambacho hata nzi amekikataa!

Alikimbia. Mkono wa mtoto ulikuwa umeloa hadi kwenye kifundo, nao ulikuwa unapanda mdomoni. Vumilia aliupiga kofi, akaukamata, akaufinya ndani ya ngumi yake. Blessing akalia. Vumilia akapaza ile sauti ambayo ilipasa kupazwa kwenye miiba.

"Hodi! Hodi wenyewe! Mtoto anakufa!"

Nyuma ya vichuguu alitokea mwanamke na dumu la maji, mpishi wa wachimbaji, Mkurya jina lake Ghati. Hakusalimia. Alimvua mtoto gauni na kumwagia maji mkononi, akamwagia tena.

"Mkono umeingia mdomoni?"

"Sijui."

"Kumbuka, mama!"

"Sijui, jamani, sijui!"

"Na mmepitaje? Hamkuona miiba?"

"Tulidhani ngitili."

"Ngitili!" Ghati akatema mate. "Ng'ombe ale nini hapa, mawe? Hiyo miiba ni ya kuzuia watu. Maji haya yana sayanaidi, sumu ya kukamulia dhahabu. Tajiri mwenye bwawa alisema analeta uzio. Uzio wenyewe ndiyo hiyo miiba."

"Lakini hapa pana barabara," alisema Luka, akimwonyesha kioo cha simu. "Ona, imechorwa."

"Ilikuwepo, kaka. Wakati wa rashi, watu walipokimbilia dhahabu mpya, pikipiki zilipita hapa kama siafu. Rashi ikahamia kule, watu wakaichimba na barabara yenyewe, halafu likaja hili bwawa. Simu yako inakumbuka pikipiki."

"Basi inabidi niripoti, waifute."

Naye akaanza kubofya.

Vumilia alimtazama. Mtoto yuko uchi, anatetemeka, mkono umekuwa mwekundu, na baba yake anabofya. "Shika mtoto," alimwambia.

"Subiri kidogo, Mama, mtandao umerudi."

Vumilia aliinama kando ya gurudumu akatapika. Harufu ilichangia, lakini si harufu peke yake. Akajifuta mdomo. Alimfunga Blessing mgongoni kwa khanga, akapanda pikipiki aliyoitiwa na Ghati, wakaenda zahanati.

Huko mganga aliwakalisha, akawa anasikiliza kifua cha mtoto na kumtazama macho, anaondoka, anarudi. Vumilia hakukaa. Kila mtoto alipopiga miayo, alimtingisha asilale. Mwishowe Blessing alisema anataka uji. Mganga akacheka, na Vumilia akalia mbele za watu bila kujificha.

Walifika Segese kwa pikipiki. Apolonia alimpokea mwanawe, akanusa nywele zake.

"Shikamoo, Mama. Mbona ananuka betri?"

"Marahaba. Keti kwanza."

Alimweleza yote, hata kile kicheko chake kwenye miiba. Apolonia aliugeuza ule mkono mdogo, ngozi inabanduka vidoleni.

Luka alifika jioni, gari limevutwa na ng'ombe, amepakwa kijivu hadi masikioni. Akanyoosha mikono. "Njoo kwa baba."

"Kaoge," Apolonia alisema, akamhamishia mtoto bega la pili. "Na ukishaoga, jua hivi: huyu hapandi tena gari unaloendesha wewe. Akienda kwa bibi yake, nitampeleka mimi."

Luka alimtazama mama yake amtetee. Vumilia akaomba maji ya kunywa.

Nanyi mnaosafiri na watoto upande huu, epukeni haya:

Kukata njia ya mkato ndani ya maeneo ya wachimbaji, hata simu ikikuapia.

Kupandisha kioo mtu anapokupungia.

Kuondoa miiba, magogo au mawe yaliyopangwa njiani kabla hujamwita mwenyewe akaitika.

Kuamini ramani ya karatasi kwa sababu tu ilikuwa ya marehemu. Nayo haijui mashimo ya juzi.

Kumshusha mtoto mahali pasipo na majani, ndege wala nzi.

Kugusa maji yoyote yenye nailoni pembeni.

Kungoja kuona kama mtoto atazidiwa. Mwagia maji safi, kimbia zahanati.

Kumwachia mtoto mtu aliyeshika simu, awe baba yake, awe nani.