Kiti cha Katikati

Barasa alichora ndege nzima kwa chaki juu ya meza ya kukatia vitambaa. Aliichora vizuri kiasi, isipokuwa mabawa, ambayo yalizidi upana wa meza yakaishia hewani. Mwenye meza, Asadu, fundi cherehani wa mtaa wa Namakwekwe mjini Mbale, Uganda, alisimama kando na vifungo viwili mkononi, kimoja kikubwa cha koti na kingine kidogo cha shati. Kikubwa kilikuwa mama mkwe wake. Kidogo kilikuwa yeye mwenyewe, ingawa kwa urefu wake angestahili kuwa zipu.

Barasa, Mkenya wa Bungoma aliyeuza viatu mlango wa pili, alikuwa amesafiri kwa ndege mara sita kwenda Uchina kununua mali, na hakuna jirani aliyeachwa asahau jambo hilo. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, ujuzi wake ulihitajika kweli, naye akaumwaga kwa raha zake. Viti vya nyuma kabisa havilazwi, alisema, na choo kiko jirani mno. Vile vinavyotazamana na ukuta vina nafasi ya miguu, lakini ndipo wanapowekwa watoto wachanga, na mtoto wa mtu akilia saa kumi na nne utatamani kushuka njiani. Karibu na mabawa ndege haitikisiki sana. Mwenye usingizi apewe dirisha. Mwenye goti bovu akae pembeni mwa njia, ainuke anapotaka bila kuomba ruhusa ya mtu.

"Sasa mama yuko na goti," Barasa alisema, "kwa hivyo huyu tunamweka hapa njiani. Na wewe hapa kando yake, umsaidie." Akakisukuma kifungo kidogo mpaka kikagusana na kikubwa.

Asadu alikinyakua kifungo chake kama kilichowekwa juu ya pasi ya moto, na Barasa akacheka mpaka akakaa chini. Alikuwa amefanya kusudi. Hata kwao Bungoma mtu hakai bega kwa bega na mama mkwe. Kwa Wasoga, alikotoka mke wa Asadu, jambo hilo ndilo halina mzaha kabisa. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawagusani, hawali sahani moja, na wakionana njiani mmoja huchepuka. Anayevunja mwiko hupatwa na obuko, ugonjwa wa kutetemeka mikono. Shekhe alishasema mara nyingi kwamba dini haina habari hiyo. Watu walimwitikia vizuri, kisha wakaendelea kuchepuka.

Kwa hiyo katika miaka saba ya ndoa Asadu alikuwa amewashonea kanzu za kiume na gomesi za kike nusu ya wakazi wa Namakwekwe, lakini yeye hakuwahi kumshonea mama mkwe wake chochote, kwa kuwa hakuweza kumpima. Alimjua zaidi kwa sauti, kutoka nyuma ya pazia la sebule yake Jinja. Na moyoni alishaamua kwamba pazia lile lilimpendeza mama. Mama mwenyewe, Nakisige, alikuwa mjane aliyeuza sufuria na sahani katika maduka ya zamani ya Jinja mjini. Asadu aliamini kwamba mama huyo alitarajia mkwe mwenye gari, akapata Mgisu wa Mbale mwenye cherehani.

Sasa mke wake, Kagoya, alikuwa Kanada akitunza wazee kwa mshahara, na mimba aliyoondoka nayo ikiwa changa ilikuwa imefika miezi minane. Alikuwa amenunua tiketi mbili, ya mume na ya mama, kwa mkupuo mmoja. Kampuni ya ndege, ilipoona ni familia moja, ikawapa zawadi ambayo hakuna aliyeiomba. Katika ile ndege kubwa ya saa kumi na nne iliwaweka safu ya thelathini na nane, kiti A na kiti B, ubavu kwa ubavu.

Habari ilipofika Jinja, jibu lilirudi kwa simu siku hiyo hiyo kupitia Nusifa, mpwa aliyekaa na Nakisige. "Shemeji, mama anasema hivi. Kama kiti iko kando ya mkwe, yeye anabaki Jinja."

Kagoya naye alituma ujumbe wa sauti, na sauti yenyewe ilikuwa imechoka. Mama asipokuja, alisema, atazaa katikati ya wageni. Na Asadu asithubutu kumwacha mama peke yake huko angani, maana mama hajawahi kupanda hata lifti. Asadu aliusikiliza ujumbe huo mara tatu. Alitakiwa kumwangalia mama mkwe kwa karibu na wakati huo huo akae mbali naye, na asipopata viti vya namna hiyo, mama hatasafiri.

Siku mbili kabla ya safari, saa nne asubuhi, mtandao wa ndege ungefunguliwa ili kila abiria ajichagulie kiti bure. Barasa alionya kwamba ni sawa na kufungua belo la mitumba sokoni, anayechelewa anaokota soksi. Kwa hiyo saa nne kasoro dakika tano wote wawili walikuwa wameinamia simu, vifungo vikiwa tayari juu ya ndege ya chaki. Saa nne kamili Asadu akamchagulia mama kiti cha pembeni mwa njia, karibu na bawa, si mbali na choo. Yeye akachukua kiti safu mbili nyuma, ng'ambo ya njia, kilichobanwa kati ya watu wawili. Magoti yake yangekaa kidevuni saa kumi na nne. Lakini kutoka hapo angekiona kitambaa cha kichwa cha mama njia nzima, na kwa sababu hiyo kilikuwa kiti kizuri kuliko vyote ndani ya ndege.

Walikunywa chai kujipongeza. Asadu alipotazama tena simu, kiti chake kilikuwa kimehama. Alikuwa amewekwa mbele, kule kwenye ukuta, penye nafasi ya miguu na watoto wachanga. Akakirudisha. Baada ya muda kidogo kikahama tena. Barasa akasema mashine imeingiwa na wazimu. Asadu, kwa hofu kwamba mashine yenye wazimu yaweza kumtupa mama popote, akamhamisha mama pia. Mama naye akarudishwa alipokuwa. Kwa dakika arobaini vifungo vilikimbizana juu ya meza mpaka chaki ikafutika, na kila kiti kilichoachwa kilidakwa na abiria mwingine huko duniani.

Mwishowe vilibaki viti vya kubanwa katikati, kimoja mbele kabisa na kingine mkiani, pamoja na ile safu yao ya mwanzo. Humo A na C vilikuwa wazi, na kati yao B nacho hakikuwa na mtu. Asadu alimpigia Nusifa amweleze msiba wa mashine.

"Kumbe ni wewe?" Nusifa akauliza.

Kagoya alikuwa amewatumia namba ya tiketi wote wawili. Nusifa alikuwa ameketi asubuhi nzima na simu yake Jinja, akihamisha viti kwa amri ya mama. Mama alikuwa amesema mkwe ni mrefu, saa kumi na nne miguu yake itakufa, atafutiwe mahali pa kuinyosha. Na kila mashine ilipomrudisha nyuma, mama aliagiza apelekwe mbele tena.

Asadu hakuwahi kufikiri kwamba mama huyo alikuwa na habari hata ya urefu wake. Akachukua C, cha njiani, kwa ajili ya goti la mama, na A, cha dirishani, kwa ajili yake, katikati akaacha wazi kwa yeyote ambaye Mungu angemleta. Hapo hapo alikumbuka kwamba mtu wa dirishani akitaka kwenda chooni hana budi kumpitia mtu wa njiani, kwa hiyo akaamua kwamba hatakunywa kitu mpaka Kanada. Kisha akafunga duka na kwenda Jinja kuomba ruhusa.

Aliwekewa kiti barazani, hatua moja kutoka mlangoni. Ndani, nyuma ya pazia la maua, Nakisige alikohoa kidogo kuonyesha yupo. Nusifa alisimama kizingitini kama ilivyokuwa desturi, apokee maneno huku na kuyapeleka kule, ingawa kila mtu aliyasikia yakiwa mabichi. Asadu alieleza hali ilivyo. Kiti kimoja kitakuwa kati yao, na atakaa mtu mgeni.

"Nusifa, uliza mkwe," sauti ilitoka ndani. "Huyo mtu ya katikati akitoka?"

Asadu alijibu kwamba ndege karibu itajaa, hatatoka. Ndani ulisikika mguno wa shaka. Asadu akamwomba Nusifa amwambie mama kwamba kama tatizo ni yeye, basi yeye ataahirisha. Mama aende kwa Kagoya, naye atafuata mwezi ujao, mtoto akiwa ameshazaliwa. Alipomaliza kusema hivyo ilimbidi atazame chini.

Nusifa alifungua kinywa kupeleka ujumbe, lakini pazia lilimtangulia.

"Asadu." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake. "Wewe iko fundi. Hiyo mikono yako ndiyo inalisha mutoto yangu, na huyu mwingine anakuja. Sasa ukipata obuko, sindano utashika na nini? Mimi hata nikitetemeka, nauza tu sahani."

"Wewe unafikili hii pazia ni ya kukukataa," sauti iliendelea, taratibu zaidi. "Mimi naweka pazia juu ya hiyo mikono."

Asadu aliitazama mikono yake pale magotini, vidole vyenye alama za sindano, na hakuona vizuri kwa sababu machozi yalikuwa yamejaa. Miaka saba alikuwa ameketi nje ya mlango ule akijihurumia, kumbe ndani kulikuwa na mtu anamlinda. Alimpenda mama yule ghafla, kwa nguvu, na hakuwa na njia hata moja ya kumwonyesha.

"Kiti moja katikati inatosha," Nakisige alisema mwishoni. "Lakini isikae bure. Nusifa, pea mkwe chai."

Siku ya kuondoka ilimkuta Asadu ameshamaliza kushona shali moja nzito, ya zambarau, yenye pindo la mkono pande zote. Shali haihitaji vipimo. Aliishangaa akili yake kwa kuchelewa miaka saba kugundua hilo. Nusifa ndiye aliyeikabidhi, na mama akaivaa tangu Jinja mpaka Entebbe bila kusema neno, ingawa jua lilikuwa kali.

Ndege ya kwanza, ya kuwatoa Entebbe, haikuwa na shida, walikaa safu mbalimbali. Katika ile kubwa Asadu alitangulia kuingia, akajikunja dirishani. Mama akafuata, akaketi njiani. Kati yao akaja kukaa kijana mnene mwenye adabu nyingi, aliyetazama huku na huku na kutambua kwamba wale wawili walikuja pamoja. Kwa ishara na tabasamu akajitolea kubadilishana kiti ili mama na mwanawe wakae karibu. Wote wawili walitikisa vichwa kwa mpigo mmoja, kwa nguvu, na macho yamewatoka. Kijana alijiona ameangukia ugomvi wa ukoo. Milango ilipofungwa na kiti kimoja mbele kikabaki kitupu, alikusanya vitu vyake akakimbilia huko.

Wakabaki na kiti kitupu, bila Nusifa na bila pazia. Asadu alijibana ukutani. Nakisige alikitazama kile kiti, akakitazama tena, kisha akachukua mkoba wake mkubwa wa kahawia, akausimamisha katikati na kuufunga mkanda barabara.

Juu ya mawingu ndege ilianza kutikisika. Mikono ya Nakisige ikatetemeka magotini. Aliitazama, na kwa woga mkubwa zaidi akaigeuzia macho mikono ya mkwe wake. Alipozungumza, alizungumza na mkoba.

"Wewe begi. Uliza mkwe, mikono yake iko sawa?"

Asadu akainua mikono yote miwili na kutandaza vidole. Vilitulia. "Begi, mwambie mama iko sawa. Na yake je?"

"Mwambie ni ndege tu inatetemeka. Mimi niko hapa."

Alivua shali na kuitandaza juu ya mkoba, pindo moja likaangukia upande wa dirisha. Asadu alilishika. Mama alishika la upande wake, na ndege ilipotulia hakuna aliyeachia.

Wahudumu walipita na chai. Asadu akakataa. Wakapita tena, akakataa, na mara ya tatu midomo yake ilikuwa imekauka. Nakisige alikuwa akihesabu.

"Begi," alisema, "mwambie mkwe akunywe chai. Akitaka kutoka, mimi nitasimama, nitaenda mbali kabisa. Goti itavumilia."

Asadu akanywa vikombe viwili.