Msemaji wa Upande wa Binti

Wengi wa wakazi wa nyumba ya wazee ya Kibagabaga, Kigali, walikulia Burundi au walifanya kazi huko. Asubuhi hufanya mazoezi ya viungo verandani, kisha husuka vikapu, na wanaotaka husali rozari. Mezani huzungumza Kinyarwanda. Wakibishana, huhamia Kiswahili. Mwezi wa saba ratiba yote hiyo ilivurugwa na jambo moja: Christella, mhudumu wa zamu ya mchana, alikuwa anaposwa, na hakuwa na ukoo wa kuipokea posa.

Alilelewa na mwanamke asiye ndugu yake, aliyemwita shangazi. Shangazi huyo alimalizia maisha yake katika nyumba hiyohiyo, akafariki mwaka jana. Kwa hiyo wazee waliposikia kwamba Christella anatafuta ukumbi na msemaji wa kukodi, walikataa. Posa ingepokewa uani kwao, na msemaji angetoka miongoni mwao.

Kwa desturi, siku hiyo kila upande huwa na msemaji wake. Yule wa bwana harusi huomba. Yule wa binti hujifanya haelewi wageni wamefuata nini. Huwazungusha, huwatega kwa maneno, na mwisho, akiridhika, humtoa binti. Msemaji wa binti akikwama, aibu humwangukia binti, na wakwe hawaisahau.

Christella alimchagua Mzee Damascène. Zamani alikuwa karani wa bandari ya Bujumbura, na sifa yake ya usemaji ilikuwa kubwa kiasi kwamba alialikwa kwenye posa za watu asiowajua. Tatizo lilikuwa wazi kwa kila mtu. Kiharusi kilimwachia akili yote na nusu ya ulimi. Sentensi ndefu ilimponyoka katikati, na neno lililopotea liliweza kuchukua muda mrefu kurudi. Umutoni, mkurugenzi wa nyumba, alimweleza Christella hayo yote bila kuficha. Christella alisema anayajua, kwa kuwa ndiye anayemlisha uji mzee huyo, na kwamba habadili uamuzi.

Kazi ya kumwandaa ilichukuliwa na Mama Athanasie, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Kila siku baada ya chakula walijifungia katika chumba cha kupigia pasi. Damascène alitaka kurudia hotuba yake ya zamani, ile ya kusifu milima, ng'ombe na mababu. Kila mara ilimfia mdomoni.

"Mzee, hapo umemeza kitenzi," Athanasie alimwambia.

"Nilikuwa na njaa."

Walicheka, lakini hotuba haikuenda. Baada ya wiki moja Damascène mwenyewe aliamua kuitupa. Alisema hatajifanya kuwa mtu aliyekuwa zamani. Angesema machache, na yale machache yangetosha.

Siku ya posa wageni walifika kutoka Nyamirambo. Bwana harusi, Kagabo, ni fundi wa magari Gikondo. Bibi yake mzaa mama ni mtu wa Uvira, Kongo, asiyejua Kinyarwanda, na kwa heshima yake pande zote zilikubaliana kutumia Kiswahili. Wenyeji walikuwa wamekwisha kuketi: wanawake katika mishanana iliyopigwa pasi, yale mavazi ya sherehe yanayofungwa begani, wanaume katika makoti, mikongojo ikiwa wima mbele yao.

Msemaji wa wageni, Régis, alikuwa mtu wa kukodiwa, mwenye sherehe kila Jumamosi. Alisifu kilima, akasifu ua, akasifu mvi za wenyeji na hata hali ya hewa. Alipomaliza, alingoja kujibiwa kwa urefu uleule.

"Karibuni," akasema Damascène. Akanyamaza.

Nyuma, mgeni mmoja alimnong'oneza mwenzake: "Huyu mzee iko mgonjwa?"

Athanasie aligeuza shingo. "Iko anasikiliza," akasema.

Régis alianza upya. Hakuzoea kuachiwa uwanja mtupu, akaujaza kwa kuongeza mwendo. Alieleza walivyoamka, walivyopanda kilima, walivyoulizia njia. Na wala hawakuja mikono mitupu, akasema. Wamekuja na mahali, tena mahali ya kutosha.

Kigali watu wengi huzichanganya herufi l na r, na masikio yamezoea. Hakuna aliyeshtuka. Damascène aliinua mkono.

"Mmekuja na nini?"

"Na mahali, mzee wangu."

"Mahali." Damascène aliutazama ua, polepole, kutoka ukuta hadi ukuta. "Mahali tunapo. Nyinyi mmepabeba kutoka Nyamirambo. Poleni na mzigo." Akapumua. "Sisi tulitaka mahari."

Ile r aliiviringisha mpaka mwisho. Bibi wa Uvira ndiye aliyeanza kucheka, kisha wageni wote, kisha Régis mwenyewe, ambaye kwa desturi alilazimika kuomba radhi na kuahidi kinywaji. Aliomba. Lakini alikuwa mtu wa kazi, na akajaribu kurudisha pointi kwa swali ambalo kwenye posa ni la kawaida.

"Basi mzee atuambie. Binti tunayemwomba ni wa nani?"

Hujibiwa kwa jina la baba na la babu. Wenyeji walijua kwamba majina hayo hayapo. Régis hakujua. Nyuma ya pazia la dirisha, Christella aliacha kurekebisha kitambaa chake cha begani.

Katika chumba cha pasi hawakuandaa jibu la swali hilo. Damascène alinyoosha mkono wake mzima kuelekea safu za viti upande wake.

"Unawaona hawa?"

"Nawaona."

"Wa hawa."

"Wote?"

"Wote. Ukimkosea, tutakuja wote." Akagonga mkongojo chini. "Na hii."

Mikongojo yote ya safu ya mbele iligonga sakafu. Régis aliinama, akasema upande wake umeelewa, na kwamba sasa wanaomba bila hila.

Ikabaki sentensi ya kumtoa binti. Hiyo haifupishwi: lazima itaje anayetoa, anayetolewa na anayepewa. Damascène alisimama.

"Sisi wa nyumba hii," akasema, "tunampa Kagabo binti yetu..."

Jina halikuja. Midomo ilijipanga, ikajipangua. Kila mwenyeji alilijua jina hilo. Liliitwa humo ndani kutwa nzima. Athanasie alikaza macho mbele na kufunga mdomo. Umutoni alipiga hatua moja, akasimama. Hakuna aliyelisema kwa niaba yake, na Régis, akiwa amekunja mikono, alingoja pamoja nao.

"Christella," akasema Damascène.

Vigelegele vilipoanza, alikuwa bado amesimama wima.